Kwa Nini Lugha Hubadilika Seva Inaposasishwa

Umefungua ukurasa wa masomo uliouzoea kwa Kiswahili, ukakuta nusu ya vitufe ni Kiingereza. Usiogope: masomo, kazi na alama zako havijapotea. Kilichobadilika ni maandishi ya programu yenyewe.

Tuchukue mfano wa Moodle, programu ya masomo iliyotolewa mwaka 2002 na Martin Dougiamas wa Australia. Kiingereza kimo ndani yake tangu mwanzo. Kiswahili na lugha nyingine huwekwa kando, kila moja katika kifurushi chake. Toleo jipya huleta maneno mapya, na neno lisilo na tafsiri huonekana kwa Kiingereza.

Msimamizi wa seva asasishe vifurushi vya lugha, kisha ahakikishe lugha kuu ya tovuti ni Kiswahili. Nawe tazama lugha iliyochaguliwa katika wasifu wako.

Yakibaki maneno ya Kiingereza, hakuna aliyeyatafsiri bado. Tafsiri hizo hufanywa na watu wanaojitolea. Mseminari mwenye Kiswahili fasaha anaweza kujiunga nao, ili mwenzake asikwame kwenye kitufe asichokielewa wakati anapotaka kuwasilisha kazi.