Kifua Kikuu Sugu: Kasoro Ni Moja, Mbona Nambari Mbili?

Msomaji, chukua mfano huu. Nduguyo anayefanya kazi Nairobi amepatikana na kifua kikuu kisichosikia dawa. Makohozi yake yalipopimwa, karatasi ya majibu iliandikwa "rpoB S531L". Baada ya muda anarudi nyumbani Kakamega ili auguzwe na jamaa. Makohozi yanapimwa upya, na safari hii jibu linasema "rpoB S450L". Je, ameambukizwa viini vingine?

La hasha. Majibu hayo mawili yanataja kasoro moja. Hata hivyo, asiyelijua jambo hilo, hata awe mhudumu wa afya, anaweza kudhani ni mambo mawili tofauti, na mgonjwa akapoteza siku nyingi akipimwa tena na tena.

Rifampisini ni mojawapo ya dawa kuu za kutibu kifua kikuu. Dawa hiyo huua bakteria kwa kujibandika kwenye protini ambayo bakteria hawezi kuishi bila hiyo. Maagizo ya kuunda protini hiyo yamo katika jeni iitwayo rpoB. Maagizo yakibadilika mahali fulani, umbo la protini nalo hubadilika, na dawa hukosa pa kushika. Kwa hivyo S450L maana yake ni kwamba katika nafasi ya 450 ya protini, asidi amino iitwayo serini (S) imeondoka na mahali pake pamechukuliwa na leusini (L).

Nambari mbili zilitoka wapi? Wanasayansi waliichunguza jeni hii kwanza katika bakteria mwingine, Escherichia coli, anayeishi matumboni mwetu. Mwaka 1993 ilipogunduliwa kwamba kasoro za rpoB ndizo zinazofanya kifua kikuu kuwa sugu kwa rifampisini, nafasi zilihesabiwa kwa kumfuata bakteria huyo wa tumboni. Ramani nzima ya jeni za bakteria wa kifua kikuu ilichapishwa mwaka 1998, na hapo ikawezekana kuhesabu kuanzia mwanzo wake mwenyewe.

Ni kama watu wawili wanaosafiri kutoka Kisumu kuja Kakamega, mmoja akihesabu kilomita tangu Kisumu na mwenzake akianzia Chavakali. Wakifika mjini watataja nambari tofauti ilhali wamesimama mahali pamoja. Kwa upande wa rpoB, tofauti katika sehemu hii ni 81. Iliyokuwa 531 sasa ni 450, 526 ni 445, na 516 ni 435.

Huenda ukauliza, hayo yanamhusu nini mgonjwa? Yanamhusu sana. Mashine ya GeneXpert, ambayo hutoa jibu kwa muda wa saa mbili hivi, huchunguza kipande kifupi tu cha jeni hiyo, kuanzia nafasi ya 426 hadi 452. Kwa hesabu ya zamani kipande hicho ni 507 hadi 533. Mtu akisoma 450 akidhani ni hesabu ya zamani, ataona kana kwamba kasoro iko nje ya kipande hicho muhimu, na huenda akaipuuza.

Isitoshe, kuna kasoro ambazo kweli ziko nje. Mojawapo ni I491F, iliyoitwa I572F hapo awali. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba nchini Eswatini, wakati huo ikiitwa Swaziland, kasoro hiyo ilikuwa katika karibu thuluthi moja ya viini vilivyokuwa sugu kwa dawa kadha. Mashine hiyo haiwezi kuiona.

Ili kuondoa mkanganyiko, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa orodha ya kasoro hizi mwaka 2021 na kuipanua mwaka 2023, kwa kutumia sampuli zaidi ya 52,000. Orodha hiyo hufuata hesabu ya bakteria wa kifua kikuu mwenyewe, na huziweka kasoro katika makundi matano, kuanzia zile zinazohusishwa na usugu hadi zile zisizohusishwa nao. Kundi la katikati ni la zile ambazo maana yake bado haijulikani.

Wewe msomaji huhitaji kukariri nambari hizi. La muhimu ni haya. Hifadhi nakala ya kila jibu la maabara, na ukihama mji, ichukue pamoja na kadi yako ya matibabu. Majibu mawili yakitofautiana, muulize daktari ikiwa yametumia hesabu moja. Na usiache dawa kwa sababu ya nambari usiyoielewa. Katika hospitali za umma dawa za kifua kikuu hutolewa bila malipo, na kuzikatiza ni kuvipa viini nafasi ya kuwa sugu zaidi.