Mwanya wa Mtoto na Hofu ya Mzazi

Kiswahili hutenga waziwazi mambo mawili ambayo jicho la haraka huweza kuyachanganya: pengo ni nafasi iliyoachwa na jino lililong'oka, ilhali mwanya ni uwazi uliopo kati ya meno mawili ambayo yote yapo mahali pake. Pengo linaonyesha kwamba kitu kimeondoka, lakini mwanya hauna hasara ndani yake, na katika pwani ya Afrika Mashariki, kama ilivyo katika jamii nyingi za bara, mwanya wa meno ya mbele ya juu umehesabiwa kwa vizazi vingi miongoni mwa alama za uzuri. Hata hivyo, uwazi huohuo unaosifiwa katika tabasamu la mtu mzima huwatia wazazi wasiwasi unapojitokeza katika kinywa cha mtoto wa mwaka mmoja, nao hufika kliniki ya watoto wakiuliza iwapo meno yameota vibaya, iwapo yatabaki hivyo maishani na iwapo lipo la kufanya mapema. Wasiwasi huo unastahili jibu kamili, kwa sababu katika eneo hili hofu juu ya meno ya watoto wachanga imewahi kusababisha madhara makubwa kuliko meno yenyewe.

Meno ya utotoni, ambayo wengi huyaita meno ya maziwa, ni 20, na chipukizi zake huanza kujengeka mtoto akiwa bado tumboni, takriban wiki ya sita ya mimba, hivyo kwamba siku anapozaliwa sehemu za juu za meno hayo yote tayari zimo ndani ya taya, zimefunikwa na ufizi. Kwa kawaida meno mawili ya mbele ya chini hutangulia kuota kati ya miezi 6 na 10, ya mbele ya juu hufuata, kisha magego ya kwanza mtoto anapovuka mwaka mmoja, halafu chonge, yaani meno yaliyochongoka yanayokaa baina ya meno ya kukatia na magego, na mwisho magego ya pili, ambayo hukamilisha idadi karibu na umri wa miaka miwili na nusu au mitatu. Kwa kuwa kila jino huja kwa wakati wake, mtoto mwenye meno manne tu huonekana kuwa na mianya mipana ambayo kwa kiasi fulani ni nafasi za meno yasiyofika bado, na jino lililochomoza likiwa limegeuka kidogo mara nyingi hujinyoosha, kwa sababu ulimi hulisukuma kutoka ndani na midomo hulizuia kutoka nje, nalo hutulia pale nguvu hizo mbili zinapolingana.

Hata baada ya meno yote 20 kuota, mianya mingi hubaki, na hapa ndipo hesabu ya kinywa inapokuwa na maana kubwa. Meno ya ukubwani ya mbele ni mapana kuliko yale yanayoyarithi: meno manne ya kukatia ya juu, upana wake ukijumlishwa, huyazidi yale ya utotoni kwa wastani wa milimita 7 hadi 8, na ya chini huyazidi kwa milimita 6 hivi. Milimita hizo lazima zitoke mahali fulani. Sehemu hutokana na taya kupanuka kidogo wakati meno hayo yanapoota, sehemu hutokana na meno mapya kuinamia mbele zaidi kuliko yaliyotangulia, na sehemu iliyobaki hutoka katika mianya ambayo mtoto amekuwa nayo tangu utotoni. Uwazi ambao mzazi huutazama kwa mashaka ni akiba ya nafasi, na mtoto ambaye meno yake ya utotoni yamebanana vizuri kama shanga katika uzi, yakapendeza machoni mwa kila mgeni, ndiye aliye katika hatari kubwa zaidi ya kupata meno ya ukubwani yaliyopandana.

Jambo hili si dhana ya juzi. Louis Baume, katika tafiti alizochapisha mwaka 1950, aligawa safu za meno ya utotoni katika aina mbili, yenye mianya na isiyo na mianya, akaonyesha kwamba safu iliyoota bila mianya haiipati baadaye kwa kungoja, na kwamba meno ya ukubwani hujipanga kwa urahisi zaidi katika safu ya aina ya kwanza. Miongoni mwa mianya hiyo ipo miwili katika kila taya iliyopewa jina la nyani, kwa sababu nyani huwa nayo pia ili chonge ndefu ya taya moja ipate mahali pa kuingia mdomo unapofungwa. Katika mtoto wa binadamu mianya hiyo hukaa mbele ya chonge za juu na nyuma ya chonge za chini, nayo huonekana mapema sana. Akiba nyingine imefichwa nyuma: magego ya utotoni ni mapana kuliko magego madogo ya ukubwani yanayokuja kuchukua nafasi yake, na Hays Nance wa Marekani alieleza mwaka 1947 kwamba tofauti hiyo, ikihesabiwa pamoja na chonge, humpa mtoto takriban milimita 1 ya ziada kila upande wa taya la juu na karibu milimita 2 kila upande wa taya la chini. Kiasi hicho ni kidogo, lakini katika kinywa milimita 2 zinaweza kuamua kama jino litasimama safuni au litasukumwa nje.

Mzazi anayeuinua mdomo wa juu wa mtoto huona pia utepe mwembamba wa nyama unaouunganisha mdomo huo na ufizi, ambao kwa watoto wengi hushuka hadi kati ya meno mawili ya mbele, na huambiwa na jirani kwamba utepe huo ndio uliotenganisha meno na kwamba ukatwe. Kwa kawaida utepe huo hupanda juu kadiri taya linavyokua, na madaktari wengi wa meno huona ni busara kutoukata kwa ajili ya mwanya wakati mtoto bado ana meno ya utotoni, kwa sababu kovu la upasuaji wenyewe laweza kuzuia meno yasisogeleane.

Mpangilio wa kuota uliotajwa hapo juu ni wastani tu, si sheria, na mtoto mwenye afya njema anaweza kutanguliza meno ya juu. Neno kigego, ambalo kamusi za Kiswahili hulieleza kuwa mtoto aliyeota meno ya juu kabla ya ya chini, limebeba kumbukumbu nzito, kwani katika baadhi ya jamii mtoto huyo alihesabiwa kuwa mkosi kwa ukoo, na zamani wapo waliouawa kwa sababu hiyo pekee. Sayansi ya meno haijapata chochote katika kutangulia huko kinachomtofautisha mtoto huyo na wenzake.

Hofu ya namna hiyo haijatoweka, imebadilisha jina. Katika Tanzania huitwa meno ya plastiki au meno ya nailoni, na katika baadhi ya maeneo ya Uganda, ambako Jens Pindborg wa Denmark aliandika habari zake mwaka 1969, hujulikana kama ebinyo. Mtoto wa miezi michache anapopata homa, kuhara au kutapika, mtu hupapasa ufizi wake, hukuta uvimbe mahali ambapo chonge zinajengeka, na kutangaza kwamba hayo ni meno mabaya yanayomuua mtoto. Kisha fundi hupasua ufizi kwa kisu, msumari au njiti ya baiskeli na kuzing'oa chipukizi hizo. Kinachotolewa ni cheupe na laini, kwa kuwa jino la umri huo bado halijakomaa kuwa gumu, na ulaini huo huchukuliwa kuwa ushahidi kwamba jino lilikuwa la plastiki. Uvimbe wenyewe ni wa kawaida kwa kila mtoto, kwani chonge ni kubwa na taya bado ni dogo. Mtoto aliyekuwa na kuhara, ambaye alihitaji maziwa ya mama, maji yenye chumvi na sukari ya ORS pamoja na vidonge vya zinki, hubaki na ugonjwa wake na kuongezewa jeraha linaloweza kuvuja damu kupita kiasi, kuingiwa na pepopunda au kuambukizwa virusi vya UKIMWI kupitia chombo kilichotumika kwa wengine. Watoto wamekufa kwa njia hii. Wanaopona hukua bila chonge za utotoni, na mara nyingi jino la ukubwani lililokuwa likijengeka jirani hutoka likiwa na kasoro, au lisitoke kabisa, na hapo mpangilio mbovu unaoonekana kinywani huwa umetengenezwa na mkono wa mtu.

Yapo, hata hivyo, mambo yanayostahili macho ya daktari wa kinywa na meno. Mtoto asiye na jino hata moja afikapo miezi 18 apimwe, na vivyo hivyo yule ambaye meno yake mawili yameota yakiwa yameungana, kwa sababu hali hiyo huweza kuambatana na upungufu wa jino la ukubwani chini yake. Jino lililopinda ghafla baada ya mtoto kuanguka si suala la mpangilio bali la jeraha, na likiwa limeng'oka kabisa halipaswi kurudishwa mahali pake, kwa kuwa kulisukuma ndani kunaweza kuumiza jino la ukubwani linalosubiri juu au chini yake. Taya linalokwenda upande mmoja kila mtoto anapong'ata nalo lisiachwe. Kunyonya kidole au chuchu ya plastiki kwa miaka mingi husukuma meno ya juu mbele na kuacha uwazi kati ya safu mbili, ingawa uwazi huo mara nyingi hupungua wenyewe endapo tabia itakoma kabla meno ya ukubwani hayajaota.

Lakini adui mkubwa wa mpangilio wa baadaye ni kuoza. Gego la pili la utotoni linapong'olewa kwa sababu ya kutoboka kabla mtoto hajafikia miaka 6 au 7, gego la kwanza la ukubwani husogea mbele na kuikalia ile akiba ya milimita iliyotajwa, na jino lililokusudiwa kuota pale hukosa mahali. Kwa hiyo chupa ya chai ya sukari au juisi anayolala nayo mtoto inastahili wasiwasi mwingi zaidi kuliko mwanya, ambao kwa hakika husafishika kwa urahisi kuliko meno yaliyobanana. Jino la kwanza linapochomoza, mswaki laini wenye dawa ya floridi kiasi cha punje ya mchele, mara mbili kwa siku, hutosha, na madoa meupe kama chokaa kando ya ufizi ni dalili ya mapema kwamba kuoza kumeanza na bado kunaweza kuzuiwa.

Kati ya miaka 7 na 12 mwanya huweza kurudi, safari hii kati ya meno makubwa ya mbele, yakiwa yametanuka kama feni kwa sababu chonge za ukubwani, zikiwa bado juu ndani ya mfupa, zinabana mizizi ya jirani zake. Chonge hizo hushuka karibu na umri wa miaka 11 au 12 na kuyasukuma meno yakutane. Mwanya unaobaki baada ya hapo unaweza kufungwa kwa nyaya za meno, endapo mwenyewe, ambaye sasa ana umri wa kujisemea, ataona haja ya kuufunga.