Dar ya kale inavyotoweka kabla ya kutazamwa

WAKAZI wengi wa Dar es Salaam hupita katikati ya jiji kila siku bila kuinua macho. Hushuka Posta au Gerezani, hufanya shughuli zao na kurejea majumbani kabla foleni haijaanza. Anayetaka kutalii hufikiria Bagamoyo, Zanzibar au mbuga za wanyama. Hata hivyo, mitaa hiyo hiyo ina historia inayoweza kusomwa kwa miguu katika asubuhi moja tu.

Matembezi hayo huanzia Boma la Kale, kando ya bandari, mahali Barabara ya Morogoro inapokutana na Sokoine. Jengo hilo lilijengwa kati ya 1866 na 1867, wakati Sultani Majid bin Said wa Zanzibar alipokuwa akianzisha mji mpya jirani na kijiji cha Mzizima. Kuta zake nene ni za mawe ya matumbawe, na mlango wake umechongwa kwa mtindo wa Unguja. Majid alifariki dunia mwaka 1870 na mji wake ukadorora, hadi Wajerumani walipoufanya makao makuu ya koloni lao mwaka 1891.

Kutoka hapo, hatua chache kuelekea Kivukoni, yanaonekana makanisa mawili ya enzi za Wajerumani, la Mtakatifu Yosefu la Wakatoliki na la Azania Front la Walutheri. Ukikunja kushoto na kufuata Mtaa wa Azikiwe unafika Barabara ya Samora, iliposimama Sanamu ya Askari tangu mwaka 1927. Kabla yake palikuwa na sanamu ya Hermann von Wissmann, gavana wa Kijerumani, iliyoondolewa baada ya Waingereza kuuteka mji Septemba 1916.

Maandishi ya sanamu hiyo hayawakumbuki wapiganaji peke yao, bali pia wapagazi waliobeba mizigo ya jeshi katika Vita Kuu ya Kwanza. Wapagazi hao ndio wanaounganisha sanamu hiyo na Kariakoo. Wajerumani walikuwa wamejenga banda la soko upande wa magharibi wa mji, lakini vita vikaanza. Waingereza wakaligeuza eneo hilo kuwa kambi ya kikosi cha wapagazi, kilichoitwa Carrier Corps. Midomo ya wenyeji ikalifanya jina hilo kuwa Kariakoo.

Kati ya sehemu hizo mbili uko uwanja wa Mnazi Mmoja. Si kwa bahati kwamba uliachwa wazi. Watawala wa kikoloni waliugawa mji kwa rangi za watu: Uzunguni pwani, Uhindini katikati, na Uswahilini nyuma ya uwanja huo. Ng'ambo yake, katika Mtaa wa Lumumba ambao zamani uliitwa New Street, ndiko ilikozaliwa TANU Julai 7, 1954. Mpaka uliowekwa kuwatenga Waafrika ukawa mahali walipojipangia kudai uhuru wao.

Soko kuu la sasa ni kazi ya Beda Amuli, msanifu majengo Mtanzania, na lilifunguliwa mwaka 1975. Paa lake la zege lina maumbo yanayofanana na miavuli iliyogeuzwa. Julai 10, 2021 soko hilo liliungua moto, na Serikali ikaamua kulikarabati badala ya kulibomoa.

Majengo mengine hayakupata bahati hiyo. Nyumba za Kiswahili za Kariakoo, zenye ukumbi katikati, vyumba pande zote mbili, uani nyuma na baraza mbele, zimebaki chache mno. Uhindini nako, majengo ya ghorofa mbili au tatu yenye duka chini na makazi juu, baadhi yakiwa yameandikwa mwaka wa ujenzi kwenye paji lake, yanapisha maghorofa.

Sababu ya kwanza ni thamani ya ardhi. Kiwanja cha Kariakoo kinachobeba fremu za maduka humpa mwenyewe kodi ambayo nyumba ya vyumba sita haiwezi kumpa. Sababu ya pili ni sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Jengo la baadaye hulindwa tu likitangazwa na Waziri. Dar es Salaam ni mji uliojengwa baada ya mwaka huo. Kwa maneno mengine, karibu kila jengo lake huzaliwa nje ya ulinzi.

Kwingineko hali ni tofauti. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingia katika Urithi wa Dunia mwaka 2000 na una mamlaka yake ya uhifadhi. Amsterdam, jiji la Uholanzi lililojengwa kuzunguka mifereji ya maji, liliingiza eneo la mifereji yake katika orodha hiyo mwaka 2010. Nyumba zake za karne ya 17 bado ni makazi, ofisi na maduka. Mtaa mzima hulindwa, si jengo moja moja.

Wanaotetea ujenzi mpya wana hoja: watu wanahitaji makazi na biashara. Lakini kipya si lazima kiwe salama. Novemba 16, 2024 jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo na kuua watu zaidi ya 20.

Venice, jiji jingine la mifereji, lilianza mwaka 2024 kuwatoza ada wageni wa siku moja kwa sababu wamezidi. Tatizo la Dar es Salaam ni kinyume chake. Jengo lisilotazamwa na mtu halina wa kulitetea siku tingatinga linapofika. Hatua ya kwanza ya kulilinda haihitaji bajeti: ni mkazi mwenyewe kuinua macho anapopita.