Marejeleo ya Makala: Pesa Yako Iende Wapi

Makala yako yamekamilika, msimamizi ameridhika, kilichobaki ni kupanga marejeleo na kutuma kwa jarida. Ukiingia saiba yoyote hapa Pwani, kuanzia Mtongwe hadi Mlaleo, hukosi wa kukuambia: "Leta flashi, nitakupangia." Kabla hujatoa hata shilingi, fahamu hili: kupanga marejeleo ni kazi ambayo programu ya bure huimaliza kwa sekunde chache. Kinachokula muda ni kuhakikisha marejeleo yenyewe ni sahihi, na mara nyingi hilo halimo kwenye bei unayotajiwa.

Soma kwanza maagizo ya jarida. Majarida mengi ya wachapishaji wakubwa siku hizi hupokea mswada wa kwanza kwa mtindo wowote wa marejeleo, mradi uwe mmoja tangu mwanzo hadi mwisho na taarifa zote ziwepo. Mtindo wao huutaka baadaye, makala yakishakubaliwa. Kama jarida lako ni la aina hiyo, kulipia mtindo leo ni kulipia kitu ambacho huenda usikihitaji kabisa.

Sasa tupige hesabu ya saiba. Tuseme unatozwa shilingi 20 kwa kila rejeleo, nawe una marejeleo 45. Hizo ni shilingi 900, na kwa mara moja zinavumilika. Lakini jarida la kwanza likikukatalia, jambo la kawaida sana, unaanza upya. Umetoka kwenye jarida la tiba linalotumia namba kwa mtindo wa Vancouver, unaelekea kwenye jarida linalotaka jina la mwandishi na mwaka. Kila nukuu ndani ya makala inabadilika, na orodha nzima inapangwa tena kwa alfabeti. Shilingi 900 nyingine. Mhakiki naye akitaka uongeze vyanzo vitatu katikati ya makala ya namba, namba zote zinazofuata zinasogea, na wewe unarudi saiba kwa mara ya tatu.

Chanzo cha gharama hiyo ni kwamba unarudishiwa faili ya maandishi makavu, isiyo na uhusiano wowote na programu iliyoipanga. Kama ni lazima umlipe mtu, patana naye mapema: akupe mswada ambao nukuu zake bado zimeungana na programu, akupe na maktaba ya marejeleo kwenye faili ya .ris, na mkubaliane bei ya masahihisho. Akikataa, tafuta mwingine.

Programu za bure zinazojulikana zaidi ni mbili, Zotero na Mendeley. Kwa nafasi ya kuhifadhi mtandaoni, Mendeley inaonekana karimu: GB 2 bure, dhidi ya MB 300 za Zotero. Wengi huchagua kwa kuangalia hapo tu, na hapo ndipo wanapokosea. Zile MB 300 ni za faili unazoambatisha, kama PDF, peke yake. Taarifa za marejeleo hazihesabiwi. Zima sehemu ya kupandisha faili mtandaoni, PDF zako zikae kwenye kompyuta na nakala kwenye flashi, na hutalipa chochote. Ukiiacha wazi, siku nafasi ikijaa utaombwa dola 20 kwa mwaka, kama shilingi 2,600, mbali na kile kinachokatwa pesa zinapobadilishwa kuwa dola.

Kwa kudumu, mimi naipendelea Zotero. Ilianzia chuo kikuu cha George Mason, Marekani, mwaka 2006, ni ya chanzo huria, na ina mitindo ya majarida zaidi ya 10,000. Mendeley ilinunuliwa na Elsevier mwaka 2013. Mwaka 2021 programu zake za simu ziliondolewa, na mwaka uliofuata toleo lake la zamani la kompyuta likaacha kutolewa kwa watumiaji wapya. Mtu anayeanza shahada ya uzamifu ya miaka minne au mitano anahitaji kitu ambacho hakitamhamisha katikati ya safari.

Programu kubwa ya kulipia, EndNote, kwa bei kamili inazidi dola 200, yaani zaidi ya shilingi 25,000. Kama maabara yako imeshainunua, itumie. Kwa makala mawili ya shahada, pesa hizo zina kazi nyingine.

Asiye na laptopu ana njia pia, ila iangalie vizuri. Vitufe vya Zotero vya kuingiza nukuu hufanya kazi ndani ya Word, LibreOffice na Google Docs kwenye kompyuta, si ndani ya Word ya simu. Ukiwa na simu tu, fungua ZoteroBib kwenye kivinjari: hailipiwi, haisakinishwi, haitaki akaunti. Bandika DOI ya makala, yaani namba yake ya utambulisho mtandaoni, nayo inakutolea rejeleo kamili. Hatari yake ni ukiitumia kwenye kompyuta ya saiba. Orodha hukaa kwenye kivinjari cha kompyuta uliyotumia, na mhudumu akisafisha kivinjari jioni, kazi yako imekwenda. Kabla hujainuka kwenye kiti, tengeneza kiungo cha orodha yako na ujitumie kwa barua pepe.

Usidhani programu itakufikiria. Hupanga kile ilichopewa, hata kama ni upuuzi. Chukua ripoti ya Kenya National Bureau of Statistics. Ukiliingiza jina hilo kwenye visanduku viwili vya jina la mtu, kwa mtindo wa APA litatoka "Statistics, K. N. B. of". Mhariri akiona hivyo anajua hukupitia orodha yako. Dawa ni kubofya alama iliyo kando ya jina ili visanduku viwili viwe kimoja.

Majina yetu ya Pwani yana tabu yake. Mtu ana jina lake, la baba na la babu. Kanzidata moja inashika la babu kama jina la ukoo, nyingine la baba, na mwandishi mmoja anageuka watu wawili kwenye orodha yako. Fungua makala yake uone mwenyewe anavyojinukuu.

Wanaoandika kuhusu bahari, walioko karibu na taasisi ya utafiti ya KMFRI pale Mkomani, waangalie majina ya kisayansi. Tafi ni Siganus sutor, S kubwa na maandishi ya mlazo. Programu haijui hilo. Andika <i>Siganus sutor</i> kwenye kisanduku cha kichwa cha makala, mara moja tu, nayo itatoka sawa kwenye kila jarida.

Kitufe cha kunukuu cha Google Scholar ni cha haraka, lakini huacha DOI, kwa hiyo utaitafuta mwenyewe kwenye tovuti ya Crossref, bure. Ukiomba programu ya akili unde ikutolee marejeleo, fungua kila DOI moja baada ya nyingine. Programu hizo zimeshajulikana kwa kubuni makala yasiyokuwepo, yenye majina ya waandishi wa kweli na mwaka unaoaminika. Rejeleo la uongo linaweza kukukosesha jarida, hata shahada.

Mafunzo ya kulipia mjini nayo yapime. Feri ya Likoni ni bure kwa anayetembea kwa miguu, lakini matatu si bure, na foleni ya Nyali au Makupa inakula nusu siku. Maelezo ya kutumia programu hizi yako mtandaoni bila malipo.

Kama una akiba kidogo, mlipe mtu mwangalifu alinganishe kila rejeleo na chanzo chake: tahajia, mwaka, kurasa, DOI. Au badilishaneni orodha na mwanafunzi mwenzako, kila mmoja akague ya mwingine. Na kama mwisho wa kutuma ni kesho, usiku huu ingiza DOI zote, chagua mtindo wa jarida, hifadhi nakala yenye nukuu hai kwa jina tofauti, kisha geuza nakala ya pili kuwa maandishi makavu na uitume hiyo.