Gari Halina Saa: Kutoka Busia Hadi Sipi kwa Matatu

Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Wengi wetu hapa Busia tumevuka mpaka mara nyingi kwenda sokoni Sofia na kurudi kabla chai haijapoa. Lakini je, unajua kufika Sipi, kwenye mteremko wa Mlima Elgon upande wa Uganda? Shangazi yangu ameolewa huko. Yeye na watoto wake wana nyumba ya wageni, vyumba vinne tu, bondeni karibu na maporomoko ya maji. Nitawaeleza njia, na kosa letu pia.

Kuchagua mpaka

Barabara ya mpaka wa Busia huelekea Bugiri na Jinja. Anayekwenda Elgon hupitia Malaba. Basi panda matatu ya Malaba, mwendo wa kilomita 30 hivi. Ukikuta foleni ya malori, usikae ukilalamika: shuka utembee au uchukue bodaboda. Neno hili lenyewe lilizaliwa huku kwetu mpakani, miaka ya 1960, kwa waendesha baiskeli waliobeba watu kutoka mpaka hadi mpaka. Walilitoa katika neno la Kiingereza la mpaka, na leo linatumika Afrika Mashariki nzima!

Tangu 2014, Mkenya mwenye kitambulisho cha kitaifa huweza kuingia Uganda nacho. Sisi ambao bado hatuna vitambulisho twende ofisini na mtu mzima wetu tukaombe hati ya muda ya kusafiria. Badilisha pesa kidogo, na uzihesabu mwenyewe. Shilingi moja ya Kenya hupata zaidi ya 20 za Uganda, kwa hiyo usishtuke ukiitishwa maelfu.

Ukishavuka, panda gari la Tororo, kisha la Mbale, kisha la Kapchorwa. Mwambie kondakta akushushe Sipi. Kutoka Busia hadi hapo hazifiki kilomita 150.

Kosa letu

Mumewe shangazi alipofariki, Baba alitangulia. Mimi na kaka tukaambiwa tufuate kesho yake, mazishi yakiwa saa nane. Kaka akapiga hesabu: kilomita 150, saa tatu zatosha. Tukaondoka nyumbani saa tatu asubuhi, tena baada ya chai.

Matatu ya Malaba ilikaa steji karibu saa nzima ikingoja abiria wawili. Makanga alikuwa akipiga bodi na kusema, "Twende sasa hivi!" Sasa hivi hiyo haikufika. Tulipovuka, kijana akatuita, "Teksi, Tororo!" Kaka akakataa katakata, eti teksi ni ya matajiri. Kumbe Waganda huita matatu teksi! Lile gari likajaa likaondoka, nasi tukangoja lingine. Mbale tulifika saa nane na nusu. La Kapchorwa lilikuwa na watu watatu.

Tulifika Sipi jioni, kaburi limeshafukiwa. Shangazi hakutugombeza. Alitupa chai na blanketi, akasema tu, "Mjomba wenu aliwaulizia sana alipokuwa mgonjwa." Mimi sikulala.

Funzo

Ndugu msomaji, matatu haiondoki kwa saa, huondoka ikijaa. Ukibadilisha gari mara tatu, utangoja kujaa mara nne. Usipige hesabu ya kilomita, piga hesabu ya steji. Desemba tulirudi na Mama. Tuliondoka saa kumi na mbili asubuhi, na saa nane tulikuwa Sipi tukitazama maji yakianguka kama mita 100 na mikahawa imejaa pande zote.

Beba sweta, maana usiku kuna baridi kali. Wakati wa mvua kubwa piga simu kwanza uulize hali ya barabara. Novemba 2024 maporomoko ya ardhi yaliua watu Bulambuli, jirani kabisa na huko.

Wahenga walisema, chelewa chelewa utampata mwana si wako. Sisi tulichelewa, tukakuta kaburi. Wewe uondoke alfajiri. Safari njema!