Palu ya kichwani: kamba ndogo zinazofunga damu katika ubongo wa mtoto

Jioni mtoto iko anacheza, usiku homa inapanda, asubuhi macho yanageuka na mwili unakaza. Kuko wanaosema ni degedege tu, itapita. Wengine wanasema ni mapepo, na wengine wanaanza kutafuta nani alimloga. Saa zinapita. Lakini mara nyingi ni palu iliyofika kwenye ubongo, na namna inavyofika kule inajulikana leo vizuri. Sehemu ya hadithi yenyewe ilianzia kwetu Katanga, kwa panya wa porini.

Kwanza tuelewe jambo moja. Mwili wa mtu ni seli nyingi sana, na seli hizo hazikai pamoja bure bure. Juu ya ngozi ya kila seli kuko protini za kushikamana, yaani kama kamba na nguzo ambazo zinafanya seli moja imkamate mwenzake. Katika ubongo kazi yao ni kubwa. Wachunguzi walipoondoa sukari inayofunika moja ya protini hizo, inayoitwa NCAM, katika ubongo wa panya wa maabara, panya hao walishindwa kujifunza vizuri kutafuta mahali pa kupanda ndani ya beseni la maji. Kumbe hata kukumbuka njia kunahitaji seli kushikana na kuachana kwa mpango.

Kuko pia nguzo nyingine ndani ya mishipa ya damu, hata ile midogo kabisa ya ubongo. Moja inaitwa ICAM-1. Kazi yake ya kawaida ni kukamata seli nyeupe za damu, walinzi wetu, ili ziingie mahali penye ugonjwa. Fikiria mtumbwi unaofika ufukweni na kutafuta mti wa kufungia kamba. ICAM-1 njo ule mti.

Sasa kijidudu cha palu, Plasmodium falciparum, kinaiba ufukwe huo. Kinaingia ndani ya seli nyekundu ya damu na kukomaa humo kwa muda wa saa 48 hivi. Katika nusu ya kwanza seli hiyo inazunguka na damu kama wenzake. Baadaye kijidudu kinatoa nje protini yake, PfEMP1, inayosimama juu ya seli kama ndoano. Ndoano inakamata nguzo za mshipa, seli inafungwa, haizunguki tena. Faida yake? Inakwepa wengu, kiungo kinachochuja na kuharibu seli zilizooza. Na kijidudu kimoja kina karibu aina 60 za ndoano katika urithi wake, kinabadilisha moja baada ya nyingine. Njo maana kinga yetu inachelewa kukizoea.

Mwaka 2013 wachunguzi waliotumia damu ya watoto wa Tanzania walionyesha nguzo nyingine, EPCR. Hii inasaidia damu isigande ovyo na mshipa usivuje. Kijidudu kikiikalia, kazi hiyo inaharibika, na ubongo unaanza kuvimba. Kule Blantyre, Malawi, waliwapiga watoto wenye palu ya ubongo picha za MRI. Katika watoto 25 waliokufa, 21 walikuwa na uvimbe mkubwa wa ubongo. Fuvu halipanuki, kwa hiyo ubongo unasukumwa chini na kubana sehemu inayoongoza pumzi.

Turudi kwa panya wetu. Mwaka 1948 Vincke na Lips walipata kijidudu cha palu katika damu ya panya wa vichakani huko Kisanga, karibu na Elisabethville, Lubumbashi ya leo. Kiliitwa Plasmodium berghei. Katika miaka ya 1960 aina moja ilichukuliwa kutoka Kasapa, pale pale penye université, ikapelekwa Antwerpen. Njo maana inaitwa ANKA, Antwerpen na Kasapa. Leo maabara za dunia nzima zinaitumia kuwapa panya wadogo ugonjwa unaofanana na palu ya ubongo. Panya waliozaliwa bila ICAM-1 hawakufa na ugonjwa huo kama wenzao.

Ila tusidanganyike. Katika panya, mishipa inajaa zaidi seli nyeupe. Katika mtoto wa mtu, inajaa seli nyekundu zenye kijidudu. Dawa kadhaa ziliokoa panya, zikafika kwa watoto zikashindwa. Panya anafundisha, lakini si mtoto.

Hata kwa watu mambo hayanyooki. Mwaka 1997, kwa watoto wa Kilifi, Kenya, ilionekana kwamba sura fulani ya ICAM-1 inayorithiwa inaongeza hatari ya palu ya ubongo. Walipotafuta hivyo hivyo Gambia, hawakuona.

Hii yote inamsaidia nini mama? Mambo mawili, na kwangu njo kiini. La kwanza: kijidudu kilichofungwa kwenye ubongo hakionekani katika tone la damu ya kidole. Mtoto anaweza kuonekana na vijidudu vichache kwenye darubini, na huku hali yake ni mbaya. Kwa hiyo usirudi nyumbani ukisema "bameona kidogo tu".

La pili ni dawa. Artesunate ya sindano inaua vijidudu vichanga, kabla havijatoa ndoano. Kinini inakuja kuvipiga vikiwa vimeshakua. Utafiti mkubwa uliotangazwa mwaka 2010, wa watoto 5,425 katika nchi tisa za Afrika, na Kinshasa ilikuwemo, ulionyesha kwamba waliopata artesunate walikufa 8.5 kwa mia, waliopata kinini 10.9. Kila saa ya kuchelewa inapeleka vijidudu vingine kwenye nguzo, na vilivyoshafungwa sindano haivifungui.

Mtoto akikaza mwili, mlaze kwa ubavu, usimtie kitu mdomoni, hata kijiko, hata maji. Kimbilia kituo cha afya. Kama mko mbali na munganga akatoa artesunate ya kupitishia nyuma, hiyo ni ya kumfikisha tu. Sindano zinaendelea angalau saa 24, halafu vidonge vya siku tatu hadi viishe. Na akishapona, mfuatilie. Watoto wengine wanabaki na kifafa, udhaifu wa upande mmoja, au shida ya kushika masomo, na hayo yanaweza kuonekana miezi mingi baadaye, wakati nyumba nzima imeshasahau ile homa.