Banda la Gari Linapogeuka Karakana

Ukipita Kasulu, Kibondo au Manyovu mkoani Kigoma, si ajabu kukuta nyumba mpya ambayo ubavuni ina banda la gari huku gari lenyewe bado linatafutiwa fedha. Banda hilo halikai tupu. Huingizwa magunia ya maharage, mabaki ya mabati, pikipiki ya shemeji na mbao zilizosalia wakati wa kupaua. Lakini hata likiwa limejaa hivyo, ni chumba cha takribani mita 3 kwa 6 chenye paa, kuta tatu na mlango mpana. Anayependa kuchonga, kushona, kusuka vikapu au kufufua redio mbovu hana haja ya kujenga upya. Ubao wa futi 12 unaingia humo kwa urefu bila kukatwa.

Wazo hili lina uzito zaidi sasa kuliko zamani. Kwa miaka mingi umeme wa Kasulu na Kibondo ulitoka kwenye majenereta ya dizeli. Mwaka 2022 gridi ya taifa ilifika huku kupitia Nyakanazi. Mashine ya umeme ya nyumbani, iliyokuwa anasa, sasa ina maana. Barabara ya lami ya Kabingo, Kasulu hadi Manyovu, mradi wa kilomita 260 hivi uliopata fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika, nayo inarahisisha kufikisha saruji, mabati na vifaa.

Wengi wakipata nafasi hukimbilia dukani kununua keekee na msumeno wa umeme. Matokeo yake, mashine hukaa gizani juu ya sakafu yenye unyevu, zikashika kutu, na mwenyewe akachoka kufanya kazi akiwa amepinda mgongo. Fedha ya kwanza inapaswa kwenda kwenye chumba.

Sakafu ndiyo mwanzo. Ya banda la gari huwa na mteremko kidogo kuelekea mlangoni ili maji yatoke. Usiivunje kwa sababu hiyo, maana miguu ya meza inaweza kusawazishwa kwa vipande vya mbao. La kuogopa ni unyevu unaopanda kutoka ardhini. Kuupima ni rahisi: bandika kipande cha nailoni sakafuni, ziba kingo zote kwa utepe wa gundi, kiache usiku na mchana. Ukikuta matone chini yake, mbao na vitambaa visiwekwe chini, viinuliwe juu ya rafu. Kama itabidi kumwaga zege jipya, limwagiliwe maji kwa siku 7 angalau, nalo hufikia nguvu zake zilizokusudiwa baada ya siku 28.

Kisha paa. Manyovu, ambayo tangu 2012 imo katika Wilaya ya Buhigwe, iko kwenye milima ya baridi, na mvua za ukanda huu huanza karibu na Oktoba na kuendelea hadi Mei. Chini ya bati tupu, mvua kubwa inazima mazungumzo yote. Alfajiri hewa yenye unyevu hugusa bati la baridi na kudondosha matone juu ya randa na patasi. Dari ya jipsamu au ya mbao nyembamba, iliyoachiwa matundu ya hewa pembeni, inapunguza kelele na matone, na mchana wa jua kali inazuia joto.

Mwanga wa asili una kanuni yake katika nchi iliyo jirani na Ikweta. Jua hupita karibu na utosini, hivyo madirisha ya mashariki na magharibi hupigwa na miale ya moja kwa moja asubuhi na jioni. Ya kaskazini na kusini hutoa mwanga uliotulia, na meza ya kazi ikae chini ya mojawapo. Bati moja la plastiki linalopitisha mwanga husaidia mahali ambapo ukuta hauwezi kutobolewa. Usiku taa mbili zilizo pande tofauti ni bora kuliko moja kali, kwa kuwa taa moja hukutupia kivuli cha mkono wako palepale unapokata.

Umeme hauhitaji ubahili. Karakana ipate laini yake kutoka kwenye sanduku la swichi, waya wa milimita za mraba 2.5 kwa soketi, waya wa ardhi uliofungwa kweli, na swichi ya usalama inayokata umeme unapovuja. Soketi ya ampea 13 hubeba takribani wati 3,000, zinazotosha msumeno wa mkono. Mashine ya kuchomelea ipewe laini yake. Kazi hii afanye fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji.

Vumbi la mbao si uchafu tu. Mwaka 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, lililiweka kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Vumbi la mvule linajulikana pia kwa kuwasha ngozi na kubana kifua. Kwa hiyo mlango mpana ufunguliwe unapopiga msasa, barakoa ivaliwe, na sakafu inyunyiziwe maji kidogo kabla ya kufagiwa. Jenereta lisiwashwe ndani hata mara moja, kwani moshi wake una gesi inayoua bila kutoa harufu ya kutahadharisha. Matambara yenye mafuta ya kitani yaanikwe nje yakiwa yametandazwa, maana yakikunjwa pamoja yanaweza kushika moto yenyewe.

Baada ya hapo ndipo inakuja meza, na hiyo iwe kazi ya kwanza ya karakana. Kimo cha sentimita 85 hadi 90 kinafaa watu wengi wanaofanya kazi wamesimama. Mkaratusi unapatikana kirahisi milimani, lakini hujikunja usipokauka. Mninga wa misitu ya miombo hauchezi sana, ila bei yake ni ya juu. Mbao zozote zipangwe kwa vijiti katikati ili hewa ipite, mbali na ukuta, na miguu ya meza isimame juu ya matofali ili mchwa aonekane mapema.

Vifaa vichache vinatosha kuanzia. Mwaka 1938 huko Palo Alto, Marekani, Bill Hewlett na David Packard walianza katika banda la gari na mtaji wa dola 538, ikiwemo keekee ya mezani iliyokwisha tumika. Karibu zaidi na sisi, fundi baiskeli wa Arusha, Bernard Kiwia, alibuni chaja ya simu inayoendeshwa kwa kukanyaga pedali, kisha akashiriki kuanzisha Twende, karakana ambamo watu hujitengenezea zana.

Anayetaka ujuzi kabla ya kununua ana pa kwenda. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoanzishwa 1975 kwa kufuata mfano wa Sweden, vipo Kasulu na Kibondo. Humo mtu anaweza kujifunza kushika randa, kunoa patasi na kupima pembe kabla hajatumia hata shilingi kwenye mashine yake mwenyewe.